Asumini Katika Nyumba ya Eda

Mimi si mtu wa kukaa msibani. Nafika, natoa mkono wa pole, nakaa mkekani na wenzangu kidogo, halafu miguu inaanza kuniwasha na roho inaniambia toka. Watoto wangu wananicheka, wanasema mama yao alizaliwa njiani. Mwezi uliopita nilikwenda Temeke kwenye hitima ya Bi Kibibi, ambaye amekufa mkongwe kuliko mimi, na mimi mwenyewe si wa jana. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha, uchochoro umejaa madimbwi, tukavuka kwa kukanyaga matofali. Nilipata nafasi karibu na mlango, mahali ninapopapenda kwa sababu ya kutoroka. Na pale, katikati ya ubani na pilau iliyokuwa ikinukia kutoka jikoni, ikanijia harufu ya asumini. Mti sikuuona. Huenda ulikuwa nyuma ya ukuta wa jirani, huenda msichana fulani alikuwa amezichomeka nyweleni. Lakini ilinishika, na papo hapo nikawa na miaka kumi na mitano, nimejibanza nyuma ya wigo wa makuti si mbali na nyumba ile ile, natamani kuruka.

Mwaka ule nilikuwa mwali. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado yuko juu yetu, na nguo nzuri bado ni za kutafuta. Siku zile msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, asionwe na wanaume, asitoke nje ya wigo, mpaka wakubwa waridhike kwamba amefundika, ndipo achezewe ngoma na kutolewa. Mwali alikuwa mikononi mwa shangazi yake, na shangazi yangu Zaina alikuwa ameolewa Temeke. Basi nikaletwa kutoka Kisiju juu ya lori la nazi, nimefunikwa gubigubi, nikashushwa mlango wa nyuma na kuingizwa ndani moja kwa moja. Nilikuwa nikiuota mji wa Dar es Salaam tangu nina akili. Sasa nimeufikia, na nilichopewa kuuonea ni tundu la ukubwa wa kidole katika wigo, ambalo nilikuwa nikilipanua kwa kijiti kila shangazi akigeuka, hadi nikaweza kuona magurudumu ya baiskeli na miguu ya wapita njia. Naweza kusema watu wa Temeke nilianza kuwajua kuanzia magotini kushuka chini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, mbele imeezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa, nyuma makuti. Chumba changu kilikuwa cha mbele, kimepakana na baraza, na dirisha lake lilikuwa limegongomewa ubao kwa ajili yangu. Mvua ikinyesha, yale madebe yalipiga kelele hata mtu asisikie mawazo yake. Nilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, na msumari ukutani wa kutundikia kanga yangu ya pili. Niliupima urefu wa chumba kile kwa nyayo zangu mchana na jioni, nikienda na kurudi, mpaka shangazi akasema nitaifukua nyumba. Lakini uani palikuwa kwingine kabisa. Uani palikuwa pa shangazi. Palikuwa na rehani kando ya mtungi, mkadi karibu na pa kuogea, mlangilangi mchanga kwenye kona, waridi ndani ya sufuria bovu, na juu ya yote hayo ilikuwako asumini, iliyokuwa imepanda juu ya banda la jiko na kulifunika lote, hata moshi ulitoka kwa kujitafutia njia kati ya majani. Shangazi hakujaliwa mtoto. Asumini ile aliipanda mwaka alioolewa, na kwa asumini ile alikuwa akifunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua na rehani wanavyovaa wanawake kifuani na nyweleni, vikaenda kwa maharusi wa Gerezani na Ilala. Alijulikana kwa hilo. Mumewe alikuwa mtu mwema lakini wa kazi za hapa na pale, na nyumba ile, nilikuja kuelewa, ililishwa na maua.

Masika yalipoanza mumewe akashikwa na homa, hakumaliza wiki. Tukamzika kwa mvua. Yaani walimzika wanaume, sisi tulilia ndani. Shangazi akaingia eda, miezi minne na siku kumi, asitoke, asijipambe, asitie wanja, asijitie chochote kinachonukia. Akavaa kaniki na kukaa. Tukawa wawili wa kufungwa, mimi kwa sababu naanza, yeye kwa sababu amemaliza. Kwa kuwa hakutakiwa kugusa maua, kazi ya bustani ikawa yangu, na niseme ukweli, sikuifanya kwa moyo. Nilikuwa naichukia ile asumini. Ilikuwa inaweza kupanda juu ya jiko, ikachungulia nje, ikaona barabara yote hadi kwenye minazi, na mimi chini yake siruhusiwi hata kusimama juu ya kinu.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa hasira. Zikinyesha asubuhi, jua likitoka mchana, basi jioni uani hapakaliki kwa kunukia. Asumini ina tabia yake: kutwa matumba yake yamefumba na hayana harufu ya kusema, lakini jua likianza kulala yanafumbuka yote pamoja, na harufu inatoka nayo kama vile mtu amemwaga chupa ya marashi. Ilikuwa ikiingia jikoni, inakaa kwenye wali, kwenye maji ya kunywa. Ilikuwa inavuka wigo. Niliwasikia wanawake wakipita njiani wakisema, "Kwa Zaina leo kuna harusi?" na mwenzake anamjibu, "Harusi gani, mwenzio yumo edani," kisha kicheko kilichozibwa na kanga. Shangazi alikuwa akisikia pia. Aliinamia mchele wake, anatoa mawe.

Mtu pekee aliyekuwa akituingilia bila wasiwasi alikuwa Mama Yohana, mke wa karani wa reli, Mkristo wa kutoka bara, anayekaa nyumba ya tatu, ng'ambo ya shamba la mihogo la bondeni. Yeye ndiye alikuwa akibeba maua kuyapeleka mjini kwa wafungaji wengine tangu shangazi aache kutoka. Mama huyu hakuelewa kabisa mambo yetu ya kunukia. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anapuliza chai ya mchaichai, anasema, "Kwetu ua ni la boga, mama. Likichanua tunangoja boga. Nyie watu wa Pwani mnavaa maua kichwani, boga mnakwenda kununua." Shangazi alikuwa anacheka kwa pua, ndiyo kicheko pekee nilichokisikia kwake mwezi ule.

Alasiri moja nilikuwa chumbani kwangu, nimechoka kutembea, nimelala chali nahesabu kutu kwenye madebe, nikasikia watu wawili wameketi barazani upande wa pili wa ukuta. Mmoja alikuwa Mzee Faraji, kaka mkubwa wa marehemu. Wa pili alikuwa dada yao, Bi Kibibi, aliyekuwa ameachika na kurudi kwa kaka yake huyo, anakula kwake, analala kwake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na mimi nilimwogopa kuliko mwanamume yeyote. Mzee Faraji alikuwa akisema taratibu, kama mtu anayepanga kupanda mihogo. "Yule mwanamke anakula kwa vikuba. Ukikatwa ule mti, eda ikiisha atakuwa hana pa kushika. Atanikubali mie, au atarudi kwao Kisiju. Vyovyote vile nyumba itabaki kwetu. Na watu wameshaanza kusema, kwa hiyo hakuna atakayetulaumu."

"Na kama hataki kuolewa?" aliuliza Bi Kibibi.

"Atakula nini?"

Nilisikia Bi Kibibi anakung'uta tope kwenye kandambili zake. "Haya, kaka," akasema.

Sitasahau nilivyosimama katikati ya chumba kile, sijui pa kwenda, na hata ningejua nisingeweza kwenda. Nilielewa vizuri sana. Mti ukikatwa, shangazi yangu ataolewa mke wa pili na mtu anayempangia maisha barazani, au atarudi Kisiju kula kwa baba yangu, mwanamke mzima, anayeomba hata chumvi. Na akirudi yeye, narudi mimi, na Kisiju kulikuwa na posa inaningoja, mtu wa tanuri la kukaushia nazi za mbata niliyemwona mara moja akitafuna. Kutoka nje ya wigo ningetoka. Ila ningetokea Kisiju.

Bi Kibibi aliingia uani kabla sijapata la kumwambia shangazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akamwambia shangazi, "Wifi, watu wanasema nyumba yenye eda inanukia kama nyumba ya harusi. Kaka anataka ule mti ukatwe."

Shangazi aliweka ungo chini. "Mie nimekatazwa kujitia manukato, wifi. Sikukatazwa kupumua."

"Ameulizwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Amesema harufu inayokuja yenyewe haina lawama, lakini mtu ajilinde na maneno ya watu."

"Basi awalinde watu na maneno yao."

Hapo nikafanya kitu ambacho mwali hafanyi. Nilijitia katika mazungumzo ya wakubwa. Nikasema kutoka mlangoni, "Na yakichumwa matumba yote kabla hayajafumbuka? Tumba halinukii. Nitachuma yote alasiri, Mama Yohana ataondoka nayo, magharibi hakutakuwa na kitu humu." Shangazi alinigeukia na jicho la kunimaliza, kisha jicho lile likabadilika. Bi Kibibi alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nije nyumba ile. Akautazama mti, mkubwa ulivyo, akanitazama tena mimi. "Nitakuja kila siku baada ya magharibi," akasema. "Siku nitakayosikia asumini humu ndani, kaka ataleta panga kesho yake, na mie sitaweza kumzuia. Msije mkasema sikuwaambia."

Ndiyo ikawa kazi yangu ya masika yale. Alasiri ikiadhiniwa naswali haraka haraka, Mungu anisamehe, kisha napanda kinu, sasa kwa ruhusa, kikapu kimetandikwa jani la mgomba lililoloweshwa. Shangazi alikuwa anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Kugusa hakugusa, lakini macho hayakuwa edani. Alikuwa ananielekeza kwa mwiko wa wali: "Kushoto kwako. Si hilo, nyuma ya jani. Juu, juu kwenye paa. Umeacha matatu, mwali, unafikiri sikuoni." Nilichuma mpaka vidole vikawa vya kijani. Kadiri mvua ilivyozidi ndivyo mti ulivyozidi, matumba yanatoka mahali nilipotoka kuchuma jana yake. Nilikuwa nikiuota usingizini. Nilikuwa nikiuapiza. Lakini juu ya kinu niliona barabara, na kwa mara ya kwanza niliwaona watu wa Temeke wana vichwa. Mama Yohana anakuja, anabeba kikapu, anaondoka akilalamika matope. Jua linazama. Inasikika hodi ya Bi Kibibi, kandili mkononi. Anazunguka uani, anainua kandili kwenye majani, anavuta pumzi, anakaa mkekani kidogo. Alikuwa anakaa zaidi ya ilivyohitajika, nakumbuka. Mara nyingine alitazama tu shangazi akila uji wake wa pilipili manga. Halafu anasema haya, usiku mwema, anakwenda kumwambia kaka yake hakuna kitu.

Sasa ikaja siku ya mvua kubwa. Ilianza kabla ya adhuhuri, na siyo mvua ya kupita. Mbingu ilikaa chini kabisa, ikawa kiza mchana. Tulingoja ipungue. Alasiri ikaadhiniwa, hata mwadhini tulimsikia kwa vipande. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, mti wenyewe hauonekani vizuri kwa maji. "Acha," akasema. "Utapigwa na radi bure. Mwache Faraji aje na panga lake, tumechoka." Na nilifikiri kuacha. Nilifikiri kweli. Nilisimama pale nikaona kwamba nisipofanya kitu, kesho yake wigo utafunguliwa na lori la nazi litakuja. Kisha nikamtazama shangazi, na mkono wenye mwiko ulikuwa bado umeelekezwa mtini, yeye hajui kama umeelekezwa. Nikajifunga kanga kiunoni nikaingia mvuani. Nilichuma kwa kupapasa. Maji yalikuwa yakiingia machoni, masikioni, kinu kinateleza, shangazi anapiga kelele kutoka mlangoni maneno ambayo siyasikii. Nilijaza kikapu. Nilijua nimeacha mengi juu ya paa nisikofika, na sikuwa na la kufanya.

Tukamngoja Mama Yohana. Mama Yohana hakuja. Tulikuja kujua baadaye kwamba bonde limejaa na shamba la mihogo limekuwa ziwa. Mvua ikapungua kidogo, kiza cha jioni kikaanza, na kikapu kiko pale katikati ya jiko, na matumba, ambayo hayajali kama yako mtini au kikapuni, yakaanza kufumbuka. Kwanza machache. Halafu harufu ikasimama ndani ya lile banda utadhani mtu wa tatu ameingia. Juu ya paa yale niliyoyaacha yakaitikia.

"Nikayatupe chooni?" niliuliza. Nilikuwa nalia, sina haja ya kuficha.

"Asumini haitupwi chooni," alisema shangazi, kwa hasira kama nimemtukana mamaye. Akatazama huku na huku. Juu ya mafiga kulikuwa kumetundikwa kipande cha papa mkavu alicholeta baba yangu kutoka Kisiju, kikubwa, kigumu, kimekaa moshini tangu kabla ya msiba. Shangazi alikitazama. Halafu, nakuapia, nikaona uso wake unarudi. "Funika kikapu kwa gunia bichi, usukume uvunguni mwa kitanda chako," akasema. "Kisha niletee vifuu vya nazi."

Sijui kama msomaji amewahi kusikia harufu ya papa wa kukaa akichomwa juu ya makaa ya vifuu ndani ya banda lisilo na dirisha, siku ya mvua, moshi hauna pa kwenda. Paka wa jirani alikuja, akaondoka. Shangazi alimgeuza yule papa upande huu na upande huu, kisha akamvunjavunja, akamtia nazi na pilipili na ndimu, akasonga bada la muhogo, na mvuke wake ukaenea kwenye kanga, kwenye kuta, kwenye nywele zangu zilizolowa. Asumini ilikuwako, naapa, lakini ilikuwa kama mtu anayezungumza kwa adabu sokoni. Tulikuwa bado tunapepea moshi uende chumbani kwangu tuliposikia hodi.

Bi Kibibi alikuwa amelowa chapachapa, kanga kichwani, kandili inafuka. Alisimama mlangoni pa jiko. Akavuta pumzi, kama ilivyo kawaida yake. "Karibu, wifi," alisema shangazi, sauti laini. "Umekuja na bahati yako, chakula kimeiva." Bi Kibibi alitazama chungu. Alinitazama mimi, nywele zinachuruzika. Akatazama juu, kwenye makuti ya paa. Kisha akavua kandambili, akaingia, akakaa mkekani na kunawa mikono. Shangazi alimpakulia kama anavyopakuliwa mgeni wa heshima. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, anateremsha kwa maji. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sisi sote yalikuwa yanatutoka, kwa moshi. Shangazi alimwongeza, naye hakukataa. Aliufuta mchuzi wote. Akanawa.

"Leo humu hakuna harufu ila ya papa," akasema. "Nitamwambia kaka."

Akachukua kandili yake akatoka. Tulimfuata kwa macho kupitia tundu langu la wigo, tukipokezana. Kandili ilikwenda hatua chache, ikafika kwenye kona ya wigo chini ya asumini, ikasimama. Kisha ikashuka chini, ikainama pale kwa muda mrefu. Shangazi alinishika mkono akaniumiza. "Ananusa," alinong'ona. "Ameyaona yaliyoanguka." Mvua ikazidi tena, hatukusikia kitu. Kisha kandili ikainuka, ikaenda zake. Asubuhi tuliamka tukangoja panga. Mzee Faraji alipita barabarani na mwavuli wake, akaitikia salamu za wapita njia, akaendelea na safari. Tukaingia ndani, tukafunga mlango, shangazi akajitupa kitandani kwake na kaniki yake, akajitia kanga mdomoni, akacheka mpaka nikaogopa. Nami nikacheka. Nyumba ya eda, maskini, na sisi tumo ndani tunagaagaa. Kutoka siku hiyo kila Bi Kibibi akija jioni, shangazi alikuwa akinikonyeza na kusema, "Mwali, papa bado yupo?"

Eda ikaisha kipindi cha baridi. Wanawake walikuja kumwogesha, akavaa kanga mpya, na kikuba nilichokifunga mimi, cha asumini ya uani kwake. Mzee Faraji alipeleka maneno yake, akajibiwa kwa heshima kwamba hapana. Nyumba ikagawanywa kama sheria inavyotaka. Shangazi akabaki na chumba kimoja cha nyuma na kile kipande cha uani chenye banda la jiko, na hakikuwako kingine alichokitaka. Hakuolewa tena. Alifunga vikuba mpaka vidole vilipokataa. Mimi nilitolewa mwaka uliofuata kwa ngoma, na tangu nilipovuka wigo ule sijakaa. Nimeuza maua Kariakoo, nimeuza vitambaa Kinondoni, nimehama nyumba mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, waume wawili wameshindwa nami kwa kutotulia. Kisa cha papa shangazi alikuwa akikisimulia kila akipata wa kumsikiliza. Sikukuu za Idi Bi Kibibi alikuwa anakuja kumwamkia, anapewa kikuba, anakivaa, na sisi wawili tunakanyagana miguu pale mkekani. Hakupata kuuliza tunacheka nini. Shangazi amekufa zamani, na alikufa akiamini kwamba katika maisha yake alimpiga mtu chenga moja nzuri.

Basi mwezi uliopita, pale mlangoni kwenye hitima, nilikuwa nimeshasimama na kuvaa kandambili mguu mmoja. Mjukuu wa Bi Kibibi, binti aitwaye Rukia, akanifuata na sinia. "Shikamoo bibi. Unaondoka hujala?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekula kwa pua," nikamwambia, kwa kuwa nimeshazoea kutania hata pasipostahili. "Na nyie pilau tu? Mngempikia bibi yenu papa. Yule alikuwa mtu wa papa. Mie shahidi, nimemwona kwa macho yangu akimaliza bakuli na kuongezwa."

Rukia alicheka kwa adabu, vile vijana wanavyocheka wazee wakikosea. "Labda unamchanganya na mtu mwingine, bibi. Bibi yetu alikuwaga hali papa kabisa. Tangu utoto wake. Hata akipita mtu njiani na papa kwenye kapu, yeye anatapika. Sie humu ndani hajawahi kupikwa, tunakulaga kwa majirani."

"Hakuwahi kumla hata mara moja?"

"Alisema mara moja tu, ukubwani. Anasema siku hiyo aliona kifo." Akahamisha sinia mkono wa pili. "Tukimuuliza sasa ulimla kwa nini, anasema nilikuwa ugenini."

Nilishika mwimo wa mlango. Niliiona ile kandili kwenye kona ya wigo, imeinama kwenye mvua, na mwanamke mrefu ameinama nayo, amejizuia jikoni mwote na uani kote mpaka afike mahali ambapo hatutamsikia. Alikuwa hanusi kitu. Alikuwa anatapika. Kisha akajifuta, akaenda nyumba anayolishwa, akamwambia aliyekuwa akimlisha kwamba hakuna asumini kwa Zaina, naye alikuwa ameisikia. Na sisi tukacheka. Tumecheka miaka yote ile, na yeye amekaa kwenye mkeka wetu na kikuba kifuani, anatutazama tukicheka.

Nikavua kandambili. Nikarudi ndani, siyo pale karibu na mlango, nikapita katikati ya wanawake hadi mbele kabisa, wakakunja magoti kunipisha, nikakaa. Kisomo kilikuwa hakijafika hata nusu. Nilikaa mpaka kikaisha, nikala nilichopewa, nikakaa mpaka mabinti wakaja kukunja mikeka, wakaniomba niinuke ili wakunje na wangu.